Cheti cha Ubatizo wa Kigae

Tumsifu Yesu Kristo! Mh, hiyo ndiyo sauti ya watu waliotoka kunywa chai? Tumsifu Yesu Kristo! Haya, sasa nimesikia. Na ninyi Walutheri wetu mliopanda kuja kutuona, na mama zangu wa Majengo mliokuja na baibui zenu kwenye baridi hii ya Kilema, karibuni sana. Wakubwa wote shikamooni. Wadogo marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa ameniomba niseme kwa ufupi. Ananijua, ndiyo maana amekwenda kukaa karibu na mlango. Nilimwambia kwamba jambo lililochukua miaka kunivunja haliwezi kusemwa kwa dakika tano, labda nidanganye. Na jina la mtu sitataja. Simwogopi mtu, mnanijua. Ila mwenye jina ana watoto, na watoto hao wakipita kwangu wanakula mtori kama wa kwangu. Mtoto hana kosa.

Wengi mnanifahamu kama mama wa vigae. Kazi hiyo sikuzaliwa nayo. Mimi nilizaliwa kwenye kahawa kama ninyi, nikaolewa kwenye kahawa. Aliyekuwa mtu wa vigae ni mume wangu, Mungu amrehemu. Alikuwa fundi wa tanuri kwenye kiwanda cha serikali cha matofali na vigae. Mnakumbuka enzi za ruksa zilivyoanza, vitu vikajaa madukani, tukafurahi, halafu viwanda vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine. Chake nacho kikafungwa. Akarudi nyumbani na godoro moja, koleo mbili, na ujuzi wake kichwani.

Kahawa nayo wakati huo ilikuwa imeanguka bei mpaka watu wanang'oa miche usiku wakiogopa kukamatwa. Mume wangu akasema, sisi hatung'oi kitu. Akakodi kiwanja kidogo kule Majengo, Moshi mjini, akajenga tanuri, akaanza kuchoma vigae vya sakafu vya udongo mwekundu. Kuni zilikuwa ghali, na hata zingekuwa rahisi asingezitaka, kwa sababu bibi yake alikuwa amemfundisha kwamba msitu ule juu ndio titi la mfongo wetu. Ninyi mliotoka mbali, mfongo ni ule mtaro wa maji unaoteremka kutoka msituni mpaka kwenye vihamba vyetu, yaani mashamba ya migomba tunamoishi. Ukikauka, migomba inakufa, ng'ombe wanalia, na watu wanapigana majembe.

Basi akaenda kwenye kinu cha kukoboa kahawa mjini. Pale walikuwa na milima ya maganda ya kahawa, wanayachoma ovyo tu. Akaomba, wakamwambia chukua, tena utatusaidia. Akawa anachoma vigae kwa maganda. Na mengine akayasaga akayachanganya na udongo wenyewe. Ndani ya moto yale maganda yanaungua na kuacha vitundu vidogo vidogo kama vya andazi, na kigae kinakuwa chepesi, na hakipasuki ovyo kikichomwa. Nyuma ya kila kigae alipiga muhuri wa chuma wenye alama ya punje ya kahawa. Watu walicheka, wakasema huyu kahawa imemshinda shambani, anaipanda sakafuni. Wakacheka, lakini wakanunua.

Halafu akafariki. Homa ya siku chache tu. Sitaki kuliongelea hilo leo, maana nikianza hapo sitafika kwingine.

Siku ya maziko, aliyenishika mkono kaburini alikuwa rafiki yake mkubwa, ambaye pia alikuwa baba wa ubatizo wa binti yetu. Yeye ndiye aliyemshika mtoto wangu wakati padri anammiminia maji. Tangu siku hiyo hatukuitana kwa majina tena, ni "mzazi mwenzangu" tu. Alikuwa mtu aliyesoma, alifanya kazi kwenye shirika la umma la biashara ya nje kabla nalo halijauzwa, na Kiingereza kilikuwa kinamtoka kama maji. Pale kaburini akaniambia, "Mzazi mwenzangu, hilo tanuri halitazimika. Mimi nipo." Ndugu zangu, nawaambia, mtu akikuambia "mimi nipo" nawe una udongo wa kaburi kwenye viatu, unamwamini. Usipomwamini huyo utamwamini nani?

Na kweli alikuwepo, sitamdhulumu. Alitafuta hoteli zilizokuwa zinajengwa, zikanunua vigae vyangu. Akatafuta mbali zaidi, mpaka akapata mnunuzi Ulaya, kampuni ya kutandaza sakafu. Walipenda vigae, ila wakasema hawawezi kuvichukua bila tamko. Nikamwuliza, tamko gani tena, la kisiasa? Akacheka, akanieleza.

Alisema wenzetu kule siku hizi hawanunui vifaa vya ujenzi kwa kuangalia sura tu. Iwe kigae, iwe saruji, iwe bati, wanataka kujua kilivyozaliwa. Udongo umechimbwa wapi, na lile shimo umelifukia au umewaachia mbu. Lori limetembea umbali gani. Moto umewashwa kwa kitu gani, moshi ni kiasi gani, maji umechota wapi. Na siku kigae kikivunjika, kitakwenda kuzikwa wapi. Yote hayo yanapimwa na kuandikwa, na anakuja mtu mwingine asiye na undugu na wewe kuhakikisha kwamba hukudanganya. Karatasi hiyo wanaiita tamko la bidhaa kwa mazingira.

Mimi nikasema, "Kumbe ni cheti cha ubatizo! Nani baba, nani mama, amezaliwa wapi, msimamizi nani." Wanawake niliokuwa nafanya nao kazi wakaangua kicheko, na tangu siku hiyo hatukuliita jina jingine. Naye akapiga kifua, akasema, "Basi msimamizi wa hiki kigae ni mimi." Mh! Maneno mengine mtu akiyasema, afadhali angemeza mate.

Yule mkaguzi akaja. Mama mmoja wa Kizungu, mpole, ana kofia kubwa na maswali kama ya polisi. Alishinda pale Majengo kwa siku kadhaa, anapima hiki, anaonja kile. Mzazi mwenzangu ndiye alikuwa mkalimani. Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipofika kwenye taka. Akauliza, taka zenu mnatupa wapi? Nikasema, taka gani? Akauliza tena polepole, kama vile sikusikia: taka. Nikamwambia hatuna taka. Vigae vilivyovunjika? Tunatandika kwenye banda la ng'ombe asilale kwenye tope. Majivu? Yanapanda Kilema kwenye migomba. Udongo uliomwagika? Unarudi kwenye shimo la kukandia. Magunia ya maganda? Yanarudi kinuni yakajazwe tena. Yule mama hakuamini! Alidhani tuna shimo tumelificha. Akazunguka nyuma ya choo, akachungulia nyuma ya tanuri, akafunua turubai, akakuta kuku anaatamia. Sisi mbavu hatuna. Jamani, mtu wa kihamba utamweleza nini habari ya taka? Gome la mgomba ni la ng'ombe, kinyesi cha ng'ombe ni cha mgomba. Mwisho naye akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Lakini siku ya kutia saini hakucheka. Alinitazama usoni akasema maneno, na mzazi mwenzangu akayatafsiri. Alisema, "Mama, karatasi hii ni mdomo wako. Mtu asiyekujua atakanyaga sakafu hii akiwa ameamini neno lako, na hatakuja Moshi kuhakikisha." Maneno hayo, ndugu zangu, niliyasikia kutoka kwenye mdomo wa mzazi mwenzangu mwenyewe. Yeye ndiye aliyenifikishia.

Nikatia saini. Kontena la kwanza likaondoka, likafuata la pili. Tuliishi vizuri, tusiseme uongo. Nikaezeka nyumba ya mama mkwe, binti akaenda sekondari ya bweni. Wanawake niliowaajiri walianza kuvaa vitenge vya kujivunia. Nilikuwa nikiingia kanisani watu wanasogea nikae.

Oda zikazidi uwezo wa tanuri. Nikamwambia mzazi mwenzangu, waambie wasubiri, tanuri ni moja, na maganda hutegemea msimu wa kahawa. Akasema usijali, nitaongea nao. Siku nyingine akaja akaniomba ule muhuri wa punje, eti umelika, atampelekea fundi atengeneze mpya. Nikampa. Akaniletea mpya, unang'aa. Ule wa zamani sikuuliza. Unaulizaje? Ungemwuliza baba wa ubatizo wa mwanao kuhusu kipande cha chuma kilicholika?

Sasa hapa ndipo ubaya ulipoanza kuteremka, na uliteremka kutoka juu, msituni. Watu wakaanza kusikia misumeno. Maji ya mfongo yakapungua, zamu za kumwagilia zikaanza kuleta ugomvi. Siku moja mabwana misitu wakakamata lori limejaa magogo, limefunikwa kwa majani ya ng'ombe. Dereva akaulizwa, mzigo wa nani? Akajibu, "Ni kuni za vigae vya punje."

Vya punje! Kilimanjaro nzima punje ilikuwa ni mimi.

Nilikuwa kwenye foleni ya maji nilipoambiwa. Nikacheka, nikadhani ni utani. Kuangalia nyuso za watu, hakuna anayecheka. Mama mmoja tuliyeimba naye kwaya akaondoa ndoo yake isigusane na yangu. Yumo humu ndani, na leo amenipigia makofi kuliko wote. Usiinamishe kichwa, mama, tulishayamaliza. Nasema tu ili vijana wajue ilivyokuwa.

Mkutano wa kijiji ukaitishwa. Nikaenda kifua mbele, maana nilijua mzazi mwenzangu yupo. Yeye anajua kila kitu, alitafsiri kila neno, atasimama atawaambia. Watu walisema waliyosema. Eti nimewauzia Wazungu maji ya kijiji. Eti nimemtukana marehemu mume wangu. Nikawa namtazama tu yeye, nasubiri. Mwenyekiti wa kijiji akasema, haya, wewe uliye karibu naye, unasemaje?

Akasimama. Akanisogelea, akanishika bega, taratibu, kama pale kaburini. Akasema, mbele ya watu wote, kwa sauti ya huruma: "Mzazi mwenzangu, kubali tu. Kubali, yaishe. Tutakusaidia kulipa faini."

Yaishe!

Ndugu zangu, niliwahi kung'atwa na nyoka nikiwa mdogo. Yule nyoka alikuwa na adabu. Aling'ata akaondoka. Huyu aliuma huku ananifariji. Na sikuelewa hata hivyo! Ubongo wangu ulikataa. Nilidhani labda na yeye amedanganywa, labda kweli anaamini nimekosa. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Mimi, na mdomo huu mnaoujua. Watu wakaona kimya changu ni jibu.

Baada ya hapo nilianguka, siwafichi. Mkaguzi aliandika kwa faksi kwamba tamko limesimamishwa mpaka ukweli ujulikane, na kila kigae chenye punje kisiuzwe. Wanawake wangu wakarudi makwao. Kiwanja cha Majengo kikaota majani. Mzee mwenye kiwanja, Mwislamu mcha Mungu, alikuwa akipita ananikuta nimekaa juu ya ndoo, ananisalimia, siitiki. Komunyo niliacha. Sikuacha kwa dhambi. Sikutaka tu kupanga mstari na watu. Binti yangu akarudi likizo, akaniuliza mbona baba wa ubatizo haji tena kutusalimia. Nikamwambia ana kazi nyingi. Namtetea bado! Hivyo ndivyo mtu aliyesalitiwa anavyokuwa mjinga. Wa mwisho kujua ni yeye.

Siku moja mzazi mwenzangu akanitumia lori la maboksi ya vigae. Yalikuwa yale yaliyokuwa yanasubiri kontena kwenye stoo yake mjini. Dereva akayashusha akasema, "Umeambiwa mali yako hii, mama, stoo inahitajika." Nikayaangalia, nikasema mbona mengi hivi? Tanuri langu lilitoa yote haya? Sikuwa na nguvu ya kufikiri. Nikaingia ndani nikalala.

Siku nyingine, mchana kweupe, jua kali, hasira zikanipanda. Hazikuwa hasira za mtu fulani. Nilimkasirikia mume wangu kwa kufa. Nilikasirikia vigae. Nikasema kumbe ni ninyi mlioniponza, ngoja niwaonyeshe. Nikachukua nyundo, nikafungua boksi, nikaanza kuvunja. Paa! Paa! Majirani wa Majengo wakatoka kwenye vyumba vyao, wakadhani nimerukwa na akili, na sikuwa mbali. Nikavunja boksi la kwanza, nikahamia la pili. Hapo nyundo ikanirudi mkononi. Kigae kilikuwa kigumu, hakikukatika kama vyangu. Nikakiokota kipande nikakitazama pale kilipovunjika.

Hakina vitundu.

Nikakaa chini. Nikachukua kipande cha boksi la kwanza: vitundu vya maganda, vimejaa, kama andazi. Nikachukua hiki: udongo mtupu, umeshikana kama matofali ya kuchoma kwa magogo. Nikageuza nyuma. Punje yangu ipo. Na si ya muhuri mpya unaong'aa, hapana. Ni punje iliyolika ukingo mmoja. Ule muhuri wa mume wangu.

Jamani, nilipiga yowe, na nitawaambia ukweli, lilikuwa yowe la msiba. Mume wangu alikuwa ameondoka zamani, lakini saa ile ndiyo nilifiwa na rafiki yake. Mnakumbuka ile michezo ya kurudia darasa la saba kwa jina la mtoto mwingine? Ndivyo alivyofanya. Alifungua tanuri lake huko tambarare, analiwasha kwa magogo ya msitu wetu, halafu vigae vyake vinasafiri kwa cheti cha ubatizo cha vya kwangu. Msitu ukilia, jina linalotajwa ni langu. Na alijua! Siku ile mkutanoni, mkono wake ulipokuwa begani kwangu, alijua. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, lakini hawakusema kwamba kinakuita mzazi mwenzangu.

Yule mzee mwenye kiwanja akaja, akanikuta nalia katikati ya vipande. Hakuuliza mengi. Akasema, "Mama, machozi futa, vipande usifagie." Akaleta kapu, tukakusanya pamoja.

Mama mkwe wangu ndiye aliyekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba mkutano mwingine. Alikataliwa. Akarudi. Akakataliwa tena. Akabeba kigoda chake, akaenda kukaa mlangoni kwa mwenyekiti, akasema yeye ni mzee, hana haraka, na nyumbani ana mtu wa kumkamulia ng'ombe. Mkutano ukaitishwa.

Safari hii sikuingia kifua mbele. Sikutoa hotuba. Niligawa vigae vizima na nyundo kwa akina mama wa mbele, wale wale wa foleni ya maji, nikawaambia vunjeni, mtazame wenyewe. Wakavunja. "Hiki kina matundu." "Changu hakina." "Hiki pia hakina, tazama punje yake ilivyo." Vipande vikapita mkono kwa mkono mpaka kwa bwana misitu. Nikasema neno moja tu: mwenye kuchoma kwa maganda ni mimi, mnaona maganda yalipokaa. Mwenye muhuri uliolika, mwulizeni aliyeuchukua kwangu.

Watu wote wakageuka. Naye akakohoa. Mtu wa Kiingereza chote kile, akakohoa. Dereva aliyekuwa amekamatwa, kuona upepo umegeuka, akasimama akasema yote: tanuri liko wapi, magogo yalikatwa wapi, na nani alimfundisha aseme ni ya vigae vya punje. Lile tanuri likavunjwa, na sheria ikachukua mkondo wake. Mfongo haukujaa siku ile, msitu haukui kama mchicha. Lakini jina langu nililibeba kurudi nalo nyumbani.

Mngependa niishie hapo, eh? Sijamaliza. Mwenyekiti, usiangalie saa.

Baada ya miezi, mtu akaja kwangu jioni, nje ya ua. Ni yeye, na wazee wawili wa ukoo wake, na kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Mkononi ameshika jani la sale. Ninyi wageni wetu, sale kwetu Wachagga si jani tu. Mtu aliyekukosea akija nalo mkononi, hata kama aliua, humfukuzi. Sale halikataliwi. Nilitaka kumfungia mlango, haki ya Mungu. Mama mkwe akanishika kiwiko, akasema, "Lipokee, mwanangu. Si kwa ajili yake."

Nikalipokea kwa mikono miwili. Nikasema, nimekusamehe. Na sikusema uongo, lilinitoka kama mtu anayetapika sumu, lakini lilitoka. Wazee wakashukuru, tukakaa, mbege ikazunguka. Nilianza hata kulia kidogo. Nikafikiri, labda Mungu ananirudishia ndugu.

Kibuyu hakijaisha, akaingiza mkono kwenye koti akatoa karatasi na kalamu. Akasema mnunuzi yuko tayari kuanza upya, tamko jipya limeandaliwa, anahitaji saini yangu tu, na yeye awe msimamizi kama zamani. Akanitazama na macho yale yale ya huruma. "Tumesameheana, mzazi mwenzangu. Tia saini, yaishe."

Mara ya kwanza aliniuza akiwa na muhuri wa mume wangu. Mara ya pili alikuja kuninunua kwa sale la mababu! Hata wazee aliokuja nao waliona aibu. Mmoja aliweka kata chini.

Na hapo ndipo nilipopona, ndugu zangu. Siyo kwenye ule mkutano, ni hapo. Maana sikupiga kelele. Nilimwambia, "Sale nimelipokea, silirudishi. Msamaha ni wako, nenda nao nyumbani. Lakini saini ni mdomo wangu, na mdomo wangu hausemewi na mtu tena." Akasema, "Sasa huo ni msamaha gani?" Mama mkwe akamjibu kabla yangu. Akasema, "Mwanangu, sale tunaombea msamaha, na sale hilo hilo ndilo tunalopanda mpakani. Hukulelewa Kilema?"

Leo tanuri linawaka. Yule mama wa kofia alirudi mwenyewe, akapima upya, akavunja vigae kwa mkono wake, na tamko likatoka. Mwaka ule niliokwama, kikundi hiki kilinikopesha wakati wengine bado mnanisengenya. Nawashukuru walionikopesha, na walionisengenya nawasamehe, mmenifundisha kutembea peke yangu. Namshukuru mzee wa Majengo aliyeniambia nisifagie vipande. Mama mkwe wangu, pale ulipokaa na kigoda chako, aika mae, asante mama. Umenizaa mara ya pili, nami si wa tumbo lako.

Funzo langu ni moja, mlichukue au mliache. Tulifundishwa kwamba ukisamehe, mambo yanarudi kama yalivyokuwa. Mimi nasema hapana. Kusamehe nimeamriwa na Mungu, nikatii. Kuamini sikuamriwa na mtu, hilo linapatikana kwa kazi, na kazi hiyo ni yake, si yangu. Na nikiwaambia kwamba hainiumi tena nitakuwa nadanganya. Inauma. Binti yangu anaolewa Desemba, na kiti cha baba wa ubatizo pale mbele sijui kitakaliwa na nani.

Huyo mtu yumo humu ukumbini. Amekuja kwa sababu naye ni mwanakikundi, na ni haki yake. Nimemwamkia nilipoingia, na akiniamkia nikitoka nitaitika. Akipata msiba nitapika, akiugua nitampelekea uji. Ila ufunguo wa tanuri asiniombe.